Pikipiki Nzito ya Safari Inapoyumba Mbele: Kutafuta Chanzo na Kukimaliza

Dalili yake haijifichi. Pikipiki ya kilo 350 au 400 inakwenda vizuri kwenye lami kwa kilomita 100 kwa saa. Unaachia mafuta, mwendo unashuka, na ukifika kati ya 80 na 50 usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa haraka. Ukiushika sawasawa unatulia. Ukilegeza mikono, mtikisiko unakua. Wapo wanaoishi nao kwa miaka wakiamini kwamba pikipiki nzito ndivyo zilivyo. Sivyo. Pikipiki nzima hupita kwenye mwendo huo huku usukani umetulia, hata ukiwa umeugusa kwa viganja tu.

Karibu kila mara kuna mambo mawili yaliyokutana: kitu kinachoanzisha mtikisiko na kitu kinachouruhusu uendelee. Kinachoanzisha mara nyingi ni tairi la mbele au balansi yake. Kinachoruhusu mara nyingi ni beringi za shingo, yaani zile zinazobeba usukani ndani ya fremu, zikiwa zimelegea au zimekula. Ndiyo maana mtu hufunga tairi jipya, mtikisiko ukatoweka, kisha ukarudi baada ya kilomita elfu chache. Tairi jipya liliondoa kichocheo, lakini beringi ilibaki na ulegevu wake, na tairi lilipoanza kulika kidogo tu mchezo ukaanza upya. Fundi anayeshughulikia upande mmoja na kuuacha mwingine ataiona pikipiki hiyo tena.

Hakikisha kwanza ni tatizo gani

Usifungue bolti yoyote kabla ya kujua unatafuta nini, kwa sababu pikipiki huyumba kwa namna tofauti na kila namna ina chanzo chake.

Mtikisiko wa mbele ni usukani wenyewe kupiga huku na huku, mara 6 hadi 10 hivi kwa sekunde, huku mwili wa pikipiki ukiwa karibu umetulia. Kupepesuka ni kitu kingine: pikipiki nzima inayumba polepole, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, kwenye mwendo mkubwa au kwenye kona ndefu, hasa ikiwa na mzigo. Hapo anza kutafuta nyuma: tairi la nyuma, swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), shokapu ya nyuma, sanduku. Usukani ukitetema unapofunga breki tu, angalia diski. Miongozo mingi ya matengenezo huweka kikomo cha kupinda kwa diski kuwa milimita 0.3. Na pikipiki ikivuta upande mmoja bila kutikisika, tafuta mzigo uliolala upande, tairi lililolika upande, au shokapu za mbele zilizofungwa zikiwa zimejipinda.

Mtikisiko wa mbele hutokea kwenye mwendo uleule kwa sababu inayoweza kuhesabiwa. Gurudumu la mbele limepangwa lijirudishe katikati lenyewe: sehemu ya tairi inayogusa barabara iko nyuma ya mahali ambapo mstari wa shingo ungegonga ardhi. Likisukumwa kando linarudi, linapitiliza, linarudi tena. Kila pikipiki ina kasi yake ya kupitiliza na kurudi. Sasa chukua tairi la 130/70R18, ambalo ndilo la mbele kwenye Honda Gold Wing GL1800 ya 2001 hadi 2017. Mzunguko wake ni takribani mita 2. Kwenye kilomita 60 kwa saa linazunguka mara 8 hivi kwa sekunde. Kwenye 72, mara 10. Kwa hiyo kasoro moja tu kwenye tairi, kama upande mzito au kibonde, inausukuma usukani mara 8 hadi 10 kwa sekunde, sawasawa na kasi ambayo usukani wenyewe unapenda kucheza. Kila pigo linaingia kwa wakati wake na mtikisiko unakua. Kwenye 110 kasoro ileile ipo, lakini mapigo yanakuja haraka mno na usukani hauyafuati.

Ukikutwa na mtikisiko barabarani, usibane mpini kwa nguvu na usipige breki ya mbele ghafla. Shika imara lakini mikono isikakamae, sogeza uzito wa kifua mbele, acha mwendo ushuke kwa utulivu. Kupepesuka kwenye mwendo mkubwa nako kunatulizwa hivyohivyo: inama mbele, punguza mafuta pole pole.

Tairi na gurudumu

Anza hapa, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu ndipo majibu mengi yalipo.

Pima upepo tairi likiwa limepoa, yaani pikipiki haijatembea kwa saa 3 au zaidi. Kwa GL1800 hiyo ya 2001 hadi 2017 kipimo ni psi 36 mbele na psi 41 nyuma. Kwa pikipiki nyingine fuata kibandiko kilicho kwenye fremu au swingamu, si namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi lenyewe, si ushauri kwa pikipiki yako. Nyongeza au upungufu wa nyuzijoto 5 au 6 za Selsiasi hubadilisha upepo kwa karibu psi 1, kwa hiyo kipimo cha mchana wa joto hakifai kulinganishwa na cha alfajiri ya baridi. Psi 5 zikipungua mbele kwenye pikipiki ya uzito huu, hizo zinatosha kuanzisha mtikisiko na pia zinaanza kulila tairi vibaya. Tumia kipimo unachokiamini, kilekile kila mara.

Kisha pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, taratibu, kuelekea mbele halafu kurudi nyuma. Ukisikia laini upande mmoja na makali upande mwingine, au mabonde yanayopanda na kushuka kuzunguka tairi, hilo tairi limelika kwa ngazi. Haliponi. Kuongeza upepo hupunguza kelele yake kidogo, balansi haiwezi kulisaidia, na kila kilomita inaliongezea ubaya. Libadilishe hata kama kina cha kashata bado kipo. Mabonde haya huletwa na upepo mdogo, shokapu za mbele zilizochoka na beringi za shingo zilizolegea, kwa hiyo ukiyaona usiishie kwenye tairi. Uliza nani ameyachonga.

La nyuma nalo liangalie. Safari ndefu za barabara iliyonyooka hulila katikati likawa bapa. Weka rula juu yake: ikiwa sehemu bapa ni pana na ina ukingo unaoonekana kila upande, pikipiki itasitasita kuingia kona na itapepesuka kwenye mwendo. Usichanganye tairi la radiali (lenye herufi R kwenye saizi yake) na lisilo la radiali kama kitabu cha pikipiki hakikuruhusu. Namba nne za mwisho za msimbo wa DOT, ulio ubavuni mwa tairi, zinakuambia wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi hukakamaa hata kama halijatembea.

Angalia pia kama tairi limekaa sawa kwenye rimu. Kwenye ubavu, karibu na ukingo wa rimu, kuna mstari mwembamba unaozunguka. Umbali kati yake na rimu uwe mmoja pande zote. Mahali unapozama, tairi halijapanda vizuri. Toa upepo, paka maji ya sabuni ya kufungia matairi, jaza tena. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na dalili yake ni mtikisiko unaoanza siku ileile tairi jipya lilipofungwa.

Balansi inaweza kufanywa bila mashine. Toa gurudumu, lipitishie ekseli au fimbo nyoofu, liweke juu ya stendi mbili zilizo sawa kabisa, na acha lizunguke lenyewe. Upande mzito utashuka chini. Bandika vipande vya risasi vya balansi upande wa juu, gramu 5 baada ya gramu 5, mpaka gurudumu libaki popote unapoliacha. Ukiona unahitaji zaidi ya gramu 60, usiendelee kubandika: toa upepo, zungusha tairi nusu mzunguko kwenye rimu, upime upya. Matairi mengi yana nukta ya njano inayoonyesha upande mwepesi; hiyo hukaa kwenye vali. Kabla ya kubandika, futa rimu kwa spiriti, maana risasi iliyobandikwa kwenye mafuta ya mnyororo au vumbi la breki itaruka ndani ya wiki.

Kupinda kwa rimu pima gurudumu likiwa juu. Funga ukanda wa plastiki kwenye mguu wa shokapu, ukate ncha yake ikaribie rimu, zungusha. Kikomo cha kawaida ni milimita 2 kwa upande na milimita 2 kwa juu na chini. Halafu shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Rudia ukishika mbele na nyuma. Ukisikia mchezo au mkwaruzo, beringi za gurudumu zimekwisha.

Mzigo

Kabla ya kuilaumu pikipiki, fungua masanduku. Uzito uliokaa nyuma ya ekseli ya nyuma huinyanyua mbele, na gurudumu la mbele lililopunguziwa uzito hukosa nguvu ya kujituliza. Sanduku la juu ndilo baya zaidi kwa sababu liko nyuma na liko juu. Kikomo chake huandikwa ndani ya kifuniko, na kwenye pikipiki nyingi ni kilo 10 au chini ya hapo, kiasi ambacho hujazwa na vitu vichache tu. Hamishia vizito kwenye masanduku ya pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, na sawazisha kushoto na kulia. Angalia pia vitu vilivyofungwa kwenye usukani wenyewe na bolti za kioo cha upepo. Hili lina uzito wa pekee kwenye zile pikipiki ambazo boma lote la mbele, yaani ganda la kukinga upepo, limefungwa kwenye shokapu, kama Harley-Davidson Electra Glide: kila kilo unayoongeza pale inaongeza uzito wa kitu kinachotikisika.

Beringi za shingo

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kukaza bila kupima.

Nyanyua gurudumu la mbele. Tumia stendi kubwa, kisha weka jeki chini ya reli za fremu na kipande cha mbao katikati. Usiweke jeki chini ya sampu ya oili wala chini ya bomba la ekzosi. Pikipiki iwe wima na isitikisike. Uzito kama huu ukidondoka humvunja mtu mguu.

Kipimo cha kwanza: kaa mbele ya gurudumu, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta kuja kwako na sukuma. Mwenzako aweke kidole kwenye mwanya kati ya fremu na kibano cha chini, kile kipande kinachoshika miguu yote miwili chini ya shingo. Akisikia kugonga pale, beringi zimelegea. Akisikia kimya lakini wewe unahisi mchezo, basi unatoka kwenye bushi za ndani ya shokapu, na kukaza shingo hakutausaidia. Mtihani wa kushika breki ya mbele na kusukuma pikipiki mbele na nyuma hauaminiki peke yake. Pedi na diski zinazoelea nazo hugonga.

Kipimo cha pili: geuza usukani polepole sana kutoka kona hadi kona kwa kidole kimoja. Ukipita katikati ukahisi umeingia kwenye kashimo, gololi zimechimba vikombe vyake, yaani pete za chuma zinamokaa. Pikipiki ya safari hutumia muda mwingi ikienda moja kwa moja, kwa hiyo gololi hugonga mahali palepale kwa maelfu ya kilomita. Beringi yenye kashimo hairekebishiki kwa kukaza. Ukiikaza itakwama zaidi katikati, na pikipiki itaanza kutangatanga kwenye mwendo mdogo.

Kipimo cha tatu: sogeza usukani kidogo kutoka katikati, uuachie. Uanguke wenyewe kwa utulivu hadi mwisho. Ukianguka kwa kishindo na kurudi nyuma, umelegea mno. Ukikwama njiani, umekazwa mno, au kuna kebo na nyaya zinazouzuia. Pikipiki hizi zina mafungu makubwa ya nyaya na mipira ya breki yanayozunguka shingo. Yafungue au yasogeze kabla ya kuamini kipimo hiki.

Kipimo kinachotoa namba ni cha mizani ya ndoano. Ifunge kwenye mguu wa shokapu mahali kitabu kinapoelekeza, vuta kwa pembe mraba, na soma namba pale usukani unapoanza tu kusogea. Vuta mara tatu kila upande, chukua wastani. Linganisha na kitabu cha pikipiki yako, na uiandike namba hiyo mahali; mwakani itakuambia mengi.

Ikiwa beringi ni nzima lakini zimelegea, utaratibu ni huu. Legeza bolti za kibano cha juu zinazobana miguu ya shokapu, ili kibano kiweze kushuka na kupanda. Fungua nati kubwa ya juu, kisha wosha ya kufungia. Wosha yenye masikio yaliyokunjwa itupe, weka mpya. Kaza nati ya kurekebishia kwa nguvu ya kukalisha iliyoandikwa kitabuni, geuza usukani kona hadi kona mara 5 ili beringi zikae, legeza, kisha kaza tena kwa kiwango cha mwisho. Funga nati ya pili, wosha, kibano cha juu na nati kubwa. Sasa pima upya kwa mizani. Usiruke hatua hii: nati kubwa inapokazwa huvuta shafti (mhimili wa usukani unaopita ndani ya shingo) juu na kula ulegevu uliokuwa kwenye nyuzi, na usukani uliokuwa sawa dakika tano zilizopita unaweza kuwa mgumu. Ukiwa umebadilika, fungua, rudisha nati ya kurekebishia nyuma kidogo sana, funga, pima tena. Kurudia mara tatu au nne ni kawaida.

Ikiwa vikombe vimechimbika, badilisha seti nzima, na tunashauri bila kusita uweke beringi za rola zenye umbo la koni badala ya gololi. Rola hugusa kikombe kwa mstari mzima, gololi kwa nukta. Hazichimbi upesi, zinakubali kukazwa zaidi, na msuguano wao mdogo wa kudumu ndio unaozuia mtikisiko usikue. Kwa pikipiki nzito yenye tatizo hili, hakuna badiliko jingine moja linalosaidia zaidi.

Kikombe cha juu na cha chini hutolewa kwa kugonga kutoka ndani ya shingo kwa nondo ndefu yenye ncha bapa, ukihama upande hadi upande ili visipinde. Fremu nyingi zina nafasi ndogo mbili za kupitishia nondo. Zitafute kwa kidole. Kikombe cha chini kikikataa, mshono mmoja wa welding kuzunguka uso wake wa ndani hukifanya kijikaze kinapopoa na mara nyingi kinadondoka chenyewe. Toa kwanza betri na uikinge rangi na nyaya. Beringi ya chini inayong'ang'ania kwenye shafti hukatwa kwa grainda karibu hadi mwisho, kisha hupasuliwa kwa patasi. Usiiguse shafti yenyewe. Mkwaruzo pale huharibu kukaa kwa beringi mpya.

Vikombe vipya viache kwenye friza usiku kucha, na beringi ya chini ipashe joto hadi karibu nyuzi 100 kabla ya kuishusha kwenye shafti. Kumbuka kuweka sili ya vumbi kwanza, chini ya beringi; ukiisahau utarudia kazi yote. Kugongea kikombe kipya tumia kile cha zamani kilichopasuliwa kwa msumeno upande mmoja, kisije kikanasa. Mlio wa nyundo hubadilika ghafla, kutoka mzito hadi mkali, kikombe kikifika chini. Hapo acha.

Grisi isukume kwa kiganja kutoka upande mpana wa beringi mpaka itokeze upande wa pili kwenye kila rola. Tumia grisi ya kustahimili maji na shinikizo, daraja la 2. Kupaka juu juu hakutoshi, kwa sababu beringi hii haizunguki. Grisi isiyofika kati ya rola haitafika kamwe.

Seti za rola wakati mwingine hutofautiana kimo na gololi za mwanzo. Kabla ya kufunga vyote, geuza usukani kona hadi kona uone kama vizuizi vinagusana ipasavyo na kama kibano cha juu kinakaa mahali pake. Namba za kukaza zilizo kitabuni zimeandikwa kwa gololi. Kwa rola fuata maelekezo ya seti, na mizani ya ndoano iwe mwamuzi. Ukizidisha utaijua barabarani: chini ya kilomita 20 kwa saa pikipiki haitaki kwenda moja kwa moja, kila mara unairudisha kwenye mstari.

Shokapu za mbele

Miguu miwili ikifungwa imejipinda, gurudumu linakwenda likiwa halielekei inakoelekea pikipiki. Weka kipande cha kioo bapa juu ya mirija miwili, juu ya madigadi ya plastiki au chini tu ya kibano. Kikicheza pembe kwa pembe, miguu haiko sambamba. Legeza bolti kutoka chini kwenda juu, geuza hadi kioo kitulie, kaza.

Ekseli ina mpangilio wake pia. Kaza ekseli kwanza huku bolti za upande mmoja zikiwa legevu, shusha gurudumu, shika breki ya mbele, didimiza shokapu kwa nguvu mara 4 au 5 ili mguu ulio huru ujitafutie mahali kwenye ekseli, ndipo ukaze bolti zilizobaki. Anayekaza zote gurudumu likiwa hewani huufunga mguu ukiwa umevutwa kando, na shokapu huanza kugoma. Ekseli iliyotolewa ibiringishe juu ya kioo. Ikiwa na mpindo zaidi ya milimita 0.2, haifai.

Oili ya shokapu ipimwe kwa kimo, springi zikiwa nje, mguu umeshushwa hadi mwisho na hewa imetolewa kwa kupampu. Tofauti kati ya miguu isizidi milimita moja, ila pale kitabu kinaposema vinginevyo: kwenye GL1800 ya 2001 hadi 2017 miguu miwili haifanani ndani na kila mmoja una kiasi chake.

Nyuma

Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma na ulisukume kando. Kugonga kokote kunakosikika kunatoka kwenye beringi za gurudumu au za swingamu. Weka mkono kwenye egemeo la swingamu ujue ni zipi. Kwenye Harley-Davidson za safari, ambazo injini yake imekaa kwenye mipira na swingamu imeshikana na mtambo wa gia, kagua pia mipira hiyo na vishikizo vinavyoizuia injini isiende kando. Mipira iliyokufa huiachia nyuma yote ya pikipiki ijielekeze inakotaka.

Shokapu ya nyuma iliyolegea humwagia uzito nyuma na kuipunguzia mbele uzito. Pima urefu kutoka ekseli hadi alama moja kwenye mwili gurudumu likining'inia, kisha wewe na abiria na mzigo mkiwa juu. Pikipiki ishuke karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu. Shokapu yenye marekebisho ya umeme, usiamini namba kwenye skrini ya dashibodi. Ipandishe kutoka sifuri hadi mwisho na uangalie kama mgongo wa pikipiki unainuka kweli, maana oili ya kirekebishaji ikivuja namba hupanda na springi isisogee.

Vifaa vya kuongeza

Kiunganishi kinachofunga miguu miwili ya shokapu juu ya gurudumu hupunguza kujipinda na kwenye mirija myembamba ya pikipiki za zamani kinasaidia. Kifunge miguu ikiwa tayari imenyooshwa, la sivyo kitaifungia kasoro. Kizuia mtikisiko cha usukani, kile kishokapu kidogo kinachofungwa kati ya fremu na kibano, tunakipinga kama tiba ya mtikisiko huu wa kilomita 50 hadi 80 kwa saa. Kinauficha. Beringi inaendelea kulika nyuma yake, na siku kikivuja mtikisiko unarudi wote kwa pamoja. Kukaza nati ya shingo kupita kiasi ili "kuzima" mtikisiko ni dawa ya aina hiyohiyo.

Jaribio la barabarani

Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha kingine. Chagua barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na magari. Usiwe na abiria wala mzigo. Nenda 90 kwenye gia ya juu, funga mafuta, acha mwendo ushuke hadi 40 bila breki. Usiachie usukani, fungua vidole na uache viganja viguse tu, tayari kushika. Kama umebadilisha tairi, subiri kwanza kilomita 100 au 150 tairi likomae na ufanye jaribio baada ya hapo.

Kama tairi na balansi ni safi, upepo ni sahihi, shingo imepimwa kwa mizani, na bado usukani unatikisika mahali palepale, rudi kwenye rimu na ekseli kabla ya kununua chochote.

Beringi mpya za shingo hujikalisha. Baada ya kilomita 1,000 hivi namba ya mizani itakuwa imeshuka. Nyanyua gurudumu tena, pima, kaza robo ya upana wa jino la nati kwa kila jaribio mpaka irudi pale ulipoiandika.